Kuimbiwa Kutoka Vesterhede

Sidsel wa kituo cha simu alipomwambia mchumba wake kwamba kesho atalala ndani ya jeneza, Gravers alicheka. Alipoongeza kwamba mwigizaji kutoka Copenhagen atapiga magoti hapo, amlilie na kumbusu paji la uso, kicheko kilikatika kama uzi.

"Nani atakubusu?"

"Preben Holck. Mume wangu."

"Mume wako!"

"Wa kwenye filamu, Gravers. Usianze."

Watu wa filamu walikuwa wameikodi sebule ya Vesterhede, shamba la mama yake Gravers, kwa sababu ya madirisha yake mafupi na dari yake nyeusi. Walikuwa wakitengeneza hadithi ya mkulima anayefiwa na mkewe na kukosana na Mungu. Sasa mwigizaji aliyekuwa mke, aliyekwisha kufa kwenye filamu, ameshikwa na jino na shavu limeumuka kama unga wa mkate. Mwongozaji wa filamu alimwona Sidsel akipita na baiskeli, akautazama uso wake kwa upande, akasema huyu huyu. Kazi ni kulala na kutopumua sana.

"Na wewe ukakubali."

"Nikakubali. Mwaka mzima nakaa kwenye kiti nikichomeka waya. Nani atakataa kulala?"

Gravers hakucheka. Hicho kiti cha simu kilikuwa kidonda chake cha kila siku. Mwanamume yeyote wa parokia yetu aliyeinua simu, awe anamwita daktari wa ng'ombe au anaagiza mbolea, alisikia sauti ya Sidsel kabla ya sauti nyingine yoyote. Kwenye kiwanda cha maziwa walilijua hilo na walimchokoza kwa makusudi. "Gravers, jana usiku niliongea na wako. Akaniambia, 'Subiri kidogo.' Nikasubiri, ndugu yangu. Kwa sauti ile ningesubiri mpaka Krismasi." Wao walicheka wakashusha madebe yao. Yeye alirudi nyumbani akiendesha mkokoteni kama mtu anayefukuzwa.

Alikuwa na kipaji, hilo hakuna aliyelikana. Shule aliiacha mapema kama sisi sote, lakini mashairi alijifunza mwenyewe, kwenye kitabu cha nyimbo za kanisa na kwenye kurasa za magazeti zilizofungia magadi na samaki. Kwetu hakuna karamu isiyo na wimbo mpya. Mtu anatunga maneno juu ya wenye karamu, anayatia kwenye lahani ya zamani inayojulikana, yanapigwa chapa, kila mgeni anapewa karatasi yake kando ya sahani, na wote wanaimba bila kuyasoma kwanza. Gravers ndiye aliyetunga zote. Kipindi cha masika, kwenye karamu ya Thøger na mkewe ya miaka ishirini na mitano ya ndoa, alichomeka katikati ubeti mmoja juu ya mpeleka barua ambaye mikono yake imezoea kushika kisicho chake. Ukumbi mzima ukauimba kwa sauti kuu, mpeleka barua mwenyewe akiwa mstari wa mbele, mpaka walipofika mwisho wa ubeti ndipo wakaelewa walichoimba. Kosa la mtu yule lilikuwa kucheza na Sidsel mara mbili.

Sidsel alitoka ukumbini siku ile bila koti. Tangu hapo alikuwa na neno moja moyoni, na jioni hii alilitoa.

"Tunaoana baada ya mavuno. Hilo lipo. Kesho nitalala, nitabusiwa, nitaamka, tutakunywa kahawa. Lakini ukinionea wivu tena mbele za watu, Gravers, tafuta mwingine wa kumtungia nyimbo. Sisemi mara ya pili."

"Mimi nina wivu? Mimi?"

"Wewe. Hata jeneza umeshaanza kulionea."

Akaapa kwamba hatasema lolote. Na kweli, katika yote yaliyotokea, hakusema lolote. Aliimba tu.

Kwetu mtu hafi na kupelekwa kanisani hivi hivi kama gunia. Anaimbiwa kutoka. Jeneza linawekwa juu ya viti viwili sebuleni, majirani wanasimama kulizunguka, mmoja mwenye sauti anaanza wimbo, na ubeti wa mwisho ukiisha wabebaji wanainama, wananyanyua, wanavuka kizingiti. Wenye nyumba wanavipindua vile viti viwili miguu juu. Basi. Aliyetoka ametoka. Kurudisha maiti ndani ya mlango aliotolewa ni kuiambia nyumba ile ichague mwingine.

Mwongozaji alilitaka jambo hilo hasa. Hakutaka waigizaji wa mjini waliovikwa sweta za wavuvi, alitaka sisi wenyewe. Aliketi kwa upole jikoni kwa Mama Dorthe, mamake Gravers, akaomba. Ugumu ulikuwa kwa Mzee Jeppe. Mzee Jeppe ndiye seremala wa majeneza, na ni mtu wa Misheni, wale ambao kwao karata ni dhambi, dansi ni dhambi, na sinema ni zote mbili gizani. Tulitegemea afukuze mtu na randa. Kumbe aliuliza jambo moja tu.

"Mtaimba wimbo wa Bwana, au mtaigiza kuimba?"

"Mtaimba, Mzee. Kama mnavyoimba siku zote."

"Hatujui namna nyingine," alisema Jeppe, akatazama jeneza la mbao nyembamba walilokuja nalo kutoka mjini, akaligonga kwa kidole. "Hili ni sanduku la machungwa. Nitawapa langu. Mimi sijui kutengeneza jeneza la uongo."

Kwa hiyo asubuhi ile jeneza lililosimama juu ya viti vya Vesterhede lilikuwa jeneza kweli, jeupe, lenye harufu ya rangi mbichi, na ndani yake Sidsel amelala na gauni jeupe la kuazima, nywele zimechanwa kando, mikono juu ya kifua. Mama Dorthe alisimamisha saa ya ukutani kwa kidole, kama tunavyofanya nyumba ikiwa na maiti. Hakuna aliyemwambia. Ajuza wetu, Bibi Abelone, alifunika kioo na shali yake. Mwongozaji aliona, akatikisa kichwa kwa furaha, akawaashiria watu wa taa wasiseme kitu.

Gravers aliwekwa kichwani pa jeneza, kwa kuwa ndiye mwanzishaji wa nyimbo tangu mwalimu mzee apoteze meno. Alimwona Preben Holck akiingia. Mrefu, mabega yake mazuri, koti jeusi limemkaa kama lilishonewa shamba hili hili. Alimpa kila mtu mkono, hata Bibi Abelone, akamwita "mama".

"Kijana mwenye adabu," Bibi Abelone alisema.

"Amelipwa awe na adabu," alisema Gravers.

"Basi na wewe tukulipe, mwanangu, tuone."

Mwongozaji akaeleza. Ubeti mmoja tu. Preben atapiga magoti, atalia, atabusu, kisha yeye atasema kata. Kamera ikaanza kunguruma. Gravers akaanzisha, na sisi tukapokea, na chumba kile chenye dari fupi kikajaa.

Preben alipiga magoti. Tulitegemea kuona mtu akijifanya. Lakini yule bwana alilia. Alilia kwa shingo, kwa mabega, kwa mkono mmoja uliokuwa ukitafuta ukingo wa jeneza usiupate. Mama Dorthe aliuma leso. Gravers aliyaona yale machozi, na kitu kikamwingia kama msumari. Baba yake mwenyewe alitolewa katika chumba hiki, akalala pale pale, na yeye alisimama pale pale na macho makavu, akiangalia kama watu wanakosea lahani. Na huyu hapa, kwa mtu asiyemjua hata jina la ukoo, anamwaga machozi kama mfereji! Hata kilio amemshinda.

Akambusu.

"Kata! Mara nyingine, tafadhali. Taa."

Wazee hawakukata. Waliendelea mpaka mwisho wa ubeti ndipo wakanyamaza, na Jeppe akakunja uso. Mara ya pili Preben aliushika mkono wa Sidsel kabla ya kumbusu, jambo ambalo hakuna aliyemwagiza. Kata. Kivuli kimeingia. Mara ya tatu chozi lake lilidondoka kwenye shavu la Sidsel, likateleza mpaka sikioni, na Gravers, aliyekuwa juu ya kichwa chake, akaona kope zake zikicheza.

"Amepumua," alisema mtu wa kamera.

"Mtu akidondoshewa maji sikioni hupumua," alisema Sidsel bila kufungua macho, na watu wakacheka, wakashukuru kucheka.

Wakati wanasogeza taa, Preben aliinama, akamnong'oneza kitu. Gravers hakusikia. Aliona tu kifua cha Sidsel, chini ya ile mikono ya maiti, kikitikisika kwa kicheko alichokuwa anakizuia. Kicheko kile alikijua. Alidhani ni chake peke yake.

Mwanamume mwingine angerusha ngumi. Gravers aliapa asiseme lolote, na alikuwa mtu wa kushika neno lake kwa namna yake. Alipiga hesabu haraka, kama anavyotafuta kina cha ubeti. Wimbo usipoisha, busu litarudi, na litarudi tena, mpaka jioni. Wimbo ukiisha, jeneza linatoka. Na hakuna nguvu duniani, si mwongozaji wala mfalme, itakayomfanya Mzee Jeppe aache wimbo wa Bwana katikati.

Kamera ikanguruma. Akaanzisha. Preben akapiga magoti, akalia, akabusu.

"Kata!"

Gravers akavuta pumzi akaingia ubeti wa pili.

Jeppe alimtupia jicho mara moja, jicho la mtu aliyekuwa akingoja hilo tangu asubuhi, akapokea kwa sauti yake nene. Bibi Abelone akapokea. Sote tukapokea. Mwongozaji alinyanyua mkono, akauacha hewani, kisha akaushusha polepole na kumwashiria mtu wa kamera asizime. Preben alibaki amepiga magoti, hajui afanye nini, na kwa mara ya kwanza alifanana na mtu aliyevaa nguo za kuazima. Gravers aliona. Aliimba kwa nguvu zaidi. Aliimba kama hajawahi kuimba kwa furaha wala kwa msiba, sauti ikipanda mpaka vyombo vya kabatini vikaitikia, na wanawake wakaanza kulia. Hawakumlilia Sidsel. Kila mmoja alikuwa na wake aliyetoka kwa ubeti ule. Mama Dorthe alishika mbao za mlango. Tulisahau taa. Tulisahau waya sakafuni. Nasema kweli, sijui kama kuna aliyekumbuka kwamba binti yule yu hai, isipokuwa mmoja, na yeye alikuwa akimtazama Preben.

Ubeti wa mwisho ukaisha. Wabebaji wakainama.

"Jamani," Sidsel alisema ndani ya jeneza. Lakini tayari alikuwa angani.

Wakavuka kizingiti. Nje kulikuwa na jua na upepo wa baharini, na matawi ya msonobari ambayo watu wa filamu walikuwa wameyatandaza uani kwa ajili ya tukio la siku nyingine. Wakayakanyaga hatua kwa hatua mpaka kwenye lango. Hapo Sidsel aliketi.

Alishika kingo mbili akaketi, nywele zimesimama upande mmoja, akakunja macho kwa jua. Na wale watu wazima, walioongea naye kwenye simu jana yake, walitoa sauti moja. Bibi Abelone akapiga magoti kwenye vumbi. Mmoja wa wabebaji alianza kusema "Asante, asante," hajui anamwambia nani. Lilidumu muda wa kuvuta pumzi, kisha tukaona aibu, kisha tukacheka sote kwa pamoja mpaka tukashikana mabega.

"Nishusheni basi," alisema Sidsel. "Njaa inaniuma."

Wakamshusha. Akakimbia peku kuelekea mlangoni. Kwenye mlango alisimama Mama Dorthe, na hakusogea.

"Mama, nipishe."

"Sidsel, mwanangu. Sio kwa mlango huu."

Nyuma yake, sebuleni, viti viwili vilikuwa miguu juu.

"Sikukusudia," Mama Dorthe alisema. "Mikono ilifanya yenyewe. Mlipotoka tu nikavipindua. Najua u mzima, mimi si mjinga. Lakini umeimbiwa wimbo wote katika nyumba yangu, kwa jeneza la Jeppe, na majirani wote wakilia. Kisha nikufungulie urudi? Mume wangu nilimtoa hapa. Nina mtoto mmoja tu."

"Mama, mimi ndiye nitakayekaa nyumba hii! Niingie kwa dirisha siku ya harusi yangu?"

Hakuna aliyecheka. Mwongozaji alikuja kwa unyenyekevu kuuliza kama ingewezekana kurudia sehemu ya kizingiti, kwa kuwa mkanda uliisha pale pale, na Jeppe akamwambia aende akakae. Mama Dorthe, kwa kuwa hakuweza kuwa mkali na hakuweza kuwa mpole, alileta kahawa nje. Tukanywa uani tumesimama, keki mkononi, Sidsel katikati yetu na gauni lake la maiti. Preben Holck alimvulia koti akamwekea mabegani, akaenda kukaa kwenye ukuta wa mawe. Gravers aliliona lile koti kabla ya kuona jambo lingine lolote.

Kisha Jeppe akaweka kikombe chini.

"Kuna njia," alisema. "Mimi ni mzee, nimetoa wengi. Kuimba si maneno. Mtu akiimba bila imani, amepiga kelele tu, hajamtoa mtu. Sisi tulifuata, hatuna neno. Aliyemtoa ni aliyeanzisha." Akamgeukia Gravers. "Ulikatazwa ubeti wa pili ukauimba. Kwa nini?"

Gravers alihisi macho yote yakimjia, na hakuna jambo alilolipenda duniani kama macho ya watu, lakini si namna hii.

"Sema, mwanangu," alisema Mama Dorthe, na sasa sauti yake ilikuwa ya kuomba. "Kama ilikuwa mchezo, sema ilikuwa mchezo. Nitavisimamisha viti mwenyewe, aingie."

Sidsel alimsogelea. Aliongea kwa sauti ya chini, lakini tulisikia.

"Nilikuwa nimefumba macho, Gravers, masikio yalikuwa wazi. Sauti ile naijua. Ni sauti ya karamu ya Thøger. Unataka kujua aliniambia nini? Alisema goti lake limekufa ganzi, na tukikawia nitampisha yeye jenezani. Ni hilo tu. Nilisema sisemi mara ya pili, haya, nasema mara ya pili. Sema ulikuwa na wivu. Mbele yao wote. Watacheka mpaka Jumapili, na mimi nitaingia kwa mlango ule ule na kukusamehe kabla sijafika jikoni."

Lilikuwa neno moja tu. Alifungua kinywa. Alimwona mpeleka barua kando ya kisima, amekuja na barua za mwongozaji, ametega sikio. Aliwaona wa kiwanda cha maziwa. Na juu ya ukuta alimwona Preben Holck na shati lake jeupe, kikombe mkononi, akimtazama kwa uso wa upole, kama mtu mkubwa anavyomtazama mtoto aliyejikojolea.

Gravers akainua kidevu.

"Wimbo wa Bwana si wa kuchezea," alisema. "Ukianza, unamaliza. Niliimba kwa imani."

Mnong'ono ulipita, wa heshima. Bibi Abelone alisema, "Laiti baba yake angesikia." Mzee Jeppe, ambaye miaka yote alimwona kijana huyu kuwa mtunga upuuzi wa karamu, alimwendea akampa mkono, na macho yake yalikuwa na maji.

"Basi ametolewa," alisema Jeppe.

Mama Dorthe alijifunika uso na aproni.

Sidsel alisimama kidogo, akimtazama Gravers kama anayengoja laini ifunguke upande wa pili. Kisha akalivua lile koti, akaliweka juu ya jeneza, akaokota baiskeli yake penye zizi. Gauni halikumruhusu kupanda. Aliikokota kwa mkono, peku, akatoka langoni.

"Mfuate, wewe!" alisema Mama Dorthe. "Barabara haina kizingiti! Mfuate!"

Gravers alikuwa anaenda. Tayari mguu ulikuwa umetoka. Lakini alitaka kwanza kuhakikisha kama yule bwana atamfuata, maana akimfuata, hapo kila kitu kingekuwa wazi, kila kitu kingekuwa na sababu. Kwa hiyo alisimama akamtazama Preben. Preben alimalizia kahawa yake. Alinyoosha goti, akalisugua, akamwuliza mtu wa taa ni saa ngapi. Alilala chali juu ya ukuta, kofia usoni, jua likimpiga kifuani, na Gravers akazidi kumtazama, akingoja ainuke, mpaka ile kofia ikaanza kupanda na kushuka kwa usingizi. Ndipo alipogeuka, na barabara yote mpaka kanisani ilikuwa tupu.